Kutishiwa nyau kwa shilingi 40

Kwenye daftari langu la karata, ukurasa wa Alhamisi moja ya mwezi wa nne una mstari mmoja tu: "J J, nimetupa. Alikuwa na 9 na 8." Siku hiyo mvua ilinyesha tangu saa kumi, Mombasa Road ikafunga, nami nikafika South B, hapa Nairobi, saa mbili usiku nimeshika viatu mkononi na mahamri yamelowa ndani ya mfuko. Lakini mvua siilaumu. Kilichoniharibia usiku ni zile karata mbili nilizozitupa mwenyewe, kwa mkono wangu, wala hakuna aliyenishurutisha.

Kwanza tuelewane. Nikisema poka, simaanishi ile ya "niko kadi" ambayo kila aliyelala bwenini Kenya hii anaijua, ya kulishana mbili na tatu. Namaanisha Texas Hold'em: kila mtu ana karata zake mbili za siri, halafu karata tano za wote zinafunuliwa mezani, tatu kwa mpigo, kisha ya nne, kisha ya tano. Na meza yetu ina kipimo. Kabla ya karata kufunuliwa, na zikishafunuliwa zile tatu za kwanza, dau ni shilingi 20. Karata ya nne na ya tano, dau ni 40. Ukitaka kuongeza, unaongeza kwa kipimo hicho hicho, na mzunguko mmoja hauzidi madau manne. Hakuna kusukuma rundo lako lote katikati ya meza kama wanavyofanya kwenye runinga.

Kipimo kiliwekwa na mwenye nyumba, tunayemwita Dakitari ingawa ni wa meno tu, baada ya mgeni mmoja kuacha kodi yake ya nyumba pale mezani. Hiyo ni kabla yangu. Vijana wakisikia tunacheza kwa kipimo hucheka. Tangu yule mhasibu wa Marekani, Chris Moneymaker, ashinde dola milioni 2.5 kule Las Vegas mwaka 2003, dunia imependa mchezo usio na kipimo, ule ambao dau moja linaweza kukuzika. Wetu hauziki mtu. Unakunyonya. Swali la kulipa dau la mwenzako au kutupa karata zako linarudi mara thelathini kwa usiku mmoja, kila mara kwa arobaini tu, na hizo arobaini zinajumlishana kimya kimya kama deni la duka la mtaani.

Mimi ni binti wa Majengo, Mombasa, na huu ni mwaka wangu wa tisa nauza vipuri Kirinyaga Road. Majina ya karata nilifundishwa na baba tukicheza albastini barazani: ree, yaani ile A, na rangi nne: kopa, uru, pau, shupaza. Pale South B wananicheka kwa "ree", lakini wameanza kuisema wenyewe. Mama anajua nacheza karata Alhamisi. Habari ya shilingi hajaulizia, nami sijamwambia.

Mezani tunakuwa sita au saba. Nitawataja watatu. Mzee ni mpima ardhi mstaafu, ananiita "binti yangu" hata wakati ananifilisi. Mwalimu anafundisha kemia huko Eastlands, hazungumzi, analipa. Na Shem ni kaka wa mke wa Dakitari. Kwa kuwa Dakitari anamwita shemeji, meza nzima imerithi ushemeji. Shem hajui kutupa karata na hajui kunyamaza.

Ili nieleze kwa nini nilitupa majeki mawili mbele ya Shem, lazima nirudi nyuma miezi miwili, kwa Mzee.

Siku hiyo nilikuwa na ree ya kopa na malkia wa shupaza. Mwalimu aliingia kwa 20, nikaongeza ikawa 40, mwenye dau dogo la lazima akatupa na kuacha shilingi 10 zake (kila mchezo watu wawili huweka pesa kabla ya kuona karata, mmoja dau dogo, mmoja dau kubwa). Mzee, aliyekuwa na dau kubwa la lazima, akalipa, Mwalimu naye akalipa. Mezani 130. Zikafunuliwa malkia wa uru, nane ya pau, tatu ya kopa. Jozi ya juu, na ree pembeni. Zaidi ya hapo unataka nini? Nikaweka 20, wote wawili wakalipa, 190. Karata ya nne: saba ya pau. Mzee akagonga meza kwa kidole, yaani anapita bila kuweka kitu. Mwalimu akagonga. Nikaweka 40. Mzee akanyanyua birika, akajimiminia chai bila haraka, akasukuma 80. Mwalimu alitupa kabla chai haijatulia kikombeni.

Nikiri nilichofikiria. Sikufikiria karata. Nilifikiria: "Huyu ananionea kwa sababu ni mimi mwanamke peke yangu hapa." Mzee wa watu! Katika mwaka mzima hajawahi kunikosea hata kwa neno. Lakini mtu akikuongezea dau, kifua kinajibu kabla ya kichwa. Kila siku dukani ninasimama mbele ya mafundi wanaonipandishia sauti kwa bei ya beringi, na nimejifunza kutorudi nyuma. Basi sikurudi nyuma. Nikalipa 40. Karata ya tano ikawa mbili isiyo na kazi, akaweka 40 nyingine, nikalipa kwa hasira. Akafunua tatu na tatu. Pamoja na ile ya mezani, tatu tatu, zinazopiga jozi yangu.

Usiku ule nilipofika nyumbani nilikaa na daftari. Alipoongeza, mezani kulikuwa na 310. Machoni pangu nilikuwa nalipa 40 kugombea 310, bei ya kutupwa. Lakini Mzee akishaongeza kwenye karata ya nne, kwenye ya tano haachi, ataweka tena. Kama nia yangu ilikuwa kufika mwisho nione, basi bei yangu ilikuwa 80, kugombea 350, yaani zile 310 na 40 atakayoweka. Hiyo ni 80 kati ya 430 zote, inataka niwe mbele yake karibu mara moja kati ya tano. Na daftari langu, kila mahali nilipowahi kuona karata za Mzee baada ya kuongeza kwenye karata ya nne, linaonyesha jozi mbili au zaidi. Kila mahali. Sikuwa mbele hata mara moja kati ya ishirini.

Kulikuwa na njia nyingine ambayo siku hizo sikuijua: kulipa 40 ya kwanza, kuiona karata ya tano, na kutupa ikiwa haikunisaidia. Tuseme Mzee alikuwa na nane na saba. Hapo karata nane zingeniokoa: ree tatu, malkia wawili, na karata tatu zilizobaki zenye namba tatu, kwa sababu jozi ya malkia na ya tatu inapiga jozi ya nane na ya saba. Nane kati ya 44 zilizobaki ni kama moja kati ya tano na nusu, na 40 kwa 310 inadai moja tu kati ya tisa hivi. Unalipa, na huna haja ya kuomba radhi. Lakini kwa tatu tatu alizokuwa nazo, hakuna karata hata moja ya kuniokoa. Ree ingenipa jozi mbili, bure. Malkia angenipa malkia watatu na moyo ungeruka, kumbe na yeye angepata tatu tatu pamoja na jozi ya malkia, ambayo ni kubwa kuliko yangu. Siku hizi, kwa Mzee, nikishahesabu karata za kuniokoa nazikata nusu. Nane zinakuwa nne, nne kati ya 44 ni moja kati ya 11, na bei inadai moja kati ya tisa. Natupa pale pale, namwomba anipitishie sukari.

Shida ni kwamba nilijifunza somo la Mzee nikalipeleka kwa kila mtu. Mwezi wa tatu wote nilikuwa mwanamke wa kutupa. Mtu akikohoa, natupa. Nilijiona nimekomaa, na kwa wiki kadhaa sikupoteza sana, jambo lililonidanganya zaidi.

Sasa turudi kwenye mvua. Shem alifungua kwa 40. Nikaangalia zangu, majeki mawili, nikaongeza ikawa 60. Dakitari akalipa 60, Mwalimu aliyekuwa na dau kubwa la lazima akalipa, Shem akalipa akiimba. Wanne mara 60, na shilingi 10 zilizoachwa, 250. Zikafunuliwa kumi ya kopa, sita ya kopa, nne ya pau. Mwalimu akagonga, Shem akaweka 20, nikaongeza ikawa 40, Dakitari na Mwalimu wakatupa. Shem akafanya 60. Nikalipa. Mezani 370. Karata ya nne, mbili ya uru. Shem akaweka 40, nikalipa, 450. Karata ya tano ikaanguka: mfalme wa kopa.

Karata mbaya kuliko zote kwenye pakiti. Kama alikuwa na kopa mbili, zimetimia tano za rangi moja, zinanipiga. Kama alikuwa na mfalme, amenipita. Shem akatupa chipsi mbili za ishirini, vile vibao tunavyochezea badala ya pesa, katikati, akaegemea kiti. "Shemeji, lipa tukalale."

Nikatupa. Nilitupa kwa utaratibu, kama mtu mzima. Akafunua tisa ya shupaza na nane ya uru. Alikuwa anangoja saba zije zikamilishe mfululizo wake wa sita hadi kumi, hazikuja, akabaki hana hata jozi. Mwalimu, ambaye hazungumzi, alisema "Lo."

Mezani palikuwa na 490. Nilitakiwa kulipa 40. Kwa bei hiyo ningehitaji kuwa mbele mara moja kati ya 13, basi. Na huyu ni Shem, ambaye akikosa karata anaongeza sauti. Hata mtu akiniapia kwamba mara mbili kati ya tatu Shem ana kitu pale, bado hiyo moja iliyobaki inanitosha na chenji. Kilichonipofusha ni kwamba niliiangalia ile 40 kana kwamba ndiyo kitu kilicho hatarini. Kwenye karata ya tano, nikilipa kimakosa napoteza 40. Nikitupa kimakosa nimeacha 490 mezani, zikiwemo 160 zilizotoka mfukoni mwangu mwenyewe dakika tano zilizopita. Mizani hiyo haijakaa sawa hata kidogo. Kwa Mzee kwenye karata ya nne mizani ni nyingine, kwa sababu malipo ni mawili, na kwa sababu ni Mzee.

Kuna jambo lingine ambalo naona watu wengi mezani hawaliangalii: ukali wa mtu una bei yake. Kwenye karata tatu za kwanza, kuongeza kunagharimu 20 tu. Shem akiwa na karata nne za rangi moja, akingoja ya tano, na amekaa nyuma yangu, ananiongezea hiyo 20. Mimi naogopa, karata ya nne nagonga meza, naye anagonga, anaiona karata ya tano bure. Ametumia ishirini kuokoa arobaini. Kwa hiyo nikiongezewa kwenye tatu za kwanza sishtuki. Nalipa, naendelea na chai yangu. Mtu akikuongezea kwenye karata ya nne, dau limeshakuwa kubwa, hanunui karata ya bure tena. Amefika kukudai. Binafsi, Shem peke yake ndiye bado simwamini hapo.

Tena angalia nani mwingine amelipa kabla yako. Hili nilifundishwa na kimya cha Mwalimu. Shem ameweka 40 kwenye karata ya tano, Mwalimu amelipa, zamu imefika kwangu nikiwa na jozi ya kati. Bei bado inavutia, na Shem bado anaweza kuwa hana kitu. Lakini jozi yangu inampiga Shem asiye na kitu tu, na Mwalimu hakulipa akiwa hana kitu. Ameshalipa kumkagua Shem kwa niaba ya meza yote, mimi nikilipa tena nalipia nini? Hapo ndipo ninapotupa karata nzuri kuliko ninazolipa mahali pengine, na watu wananiona kigeugeu.

Mpwa wangu anayesomea kompyuta ndiye aliyeniambia habari za Cepheus. Ni programu ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada. Mwezi wa kwanza mwaka 2015 walitangaza katika jarida la Science kwamba mchezo huu wetu wa kipimo, wakicheza watu wawili tu, umetatuliwa. Programu ilicheza na nafsi yake kwenye mitambo iliyofanya kazi zaidi ya siku 68, ikijirekebisha kila mahali ilipojuta. Walisema mtu akicheza nayo michezo 200 kwa saa, saa 12 kwa siku, kila siku kwa miaka 70, bado hatakuwa na uhakika kama ameipita. Nilimwuliza mpwa wangu: inamjuaje anayedanganya? Akasema haimjui, na haijaribu. Inalipa mara nyingi kiasi kwamba kuidanganya hakuna faida, na inatupa zilizobaki.

Hilo lilinikaa. Si kwamba naweza kuiga; yake ni meza ya watu wawili, na yetu ni ya saba, na viazi karai katikati. Na kwa Mzee wetu, ambaye hadanganyi, kulipa kama Cepheus ni kumtolea sadaka. Lakini nilikuwa najiuliza kila mara swali la "anadanganya?" kana kwamba nikikodoa macho vizuri nitaliona jibu usoni. Sasa najiuliza "anahitaji kudanganya mara ngapi ili nilipe?" Jibu la hilo liko mezani, limelala pale kwa chipsi, unalihesabu tu. Ninahesabu madau, si shilingi. Kwenye karata ya tano, madau manane katikati, dau moja langu: nikiwa mbele mara moja kati ya tisa nimerudisha. Baada ya hapo ndipo namtazama mtu.

Gumu ni kuvumilia kuonekana mjinga. Ukilipa kwa bei hiyo, hata ukiwa sahihi utashindwa mara nyingi kuliko utakavyoshinda, na kila ukishindwa karata zako zinafunuliwa na meza nzima inaona ulilipa na nini. Ukitupa hakuna anayeona. Nadhani ndiyo maana nilipenda kutupa.

Alhamisi iliyopita stima zilipotea saa tatu, tukacheza kwa mwanga wa simu tatu zilizosimamishwa kwenye glasi za maji. Shem aliniwekea 40 kwenye karata ya tano, mezani 380, mimi nina jozi ya sita. Nikahesabu, nikalipa. Alikuwa na kopa tano. "Na sita, shemeji? Na sita?" Akazionyesha kwa Dakitari, akazionyesha kwa mke wa Dakitari aliyekuja kuchukua vikombe. Nikaandika daftarini: "6 6, nimelipa, 380." Sikuongeza neno.

Karibu saa tano nikapata ree na mfalme, mfalme mwingine akafunuliwa katika tatu za kwanza, nikaweka, Mzee akalipa. Karata ya nne, nikaweka 40. Mzee akapapasa gizani akitafuta kikombe chake, akakipata, akanywa, akasukuma 80.

Nilihesabu mara mbili. Nikatupa. Akazikusanya karata zake polepole, akaziingiza katikati ya pakiti bila kuzifunua, akaanza kuchanganya.

"Mzee, ulikuwa na nini?"

"Ungelipa ungeona, binti yangu."

Tulilipana kwa M-Pesa saa sita. Nilikuwa chini shilingi 260. Kwenye ukurasa wa siku hiyo, mbele ya jina la Mzee, nimeacha nafasi tupu.